Chupa ya barafu kitandani, kwa wenye MS

Usiku wa Kisumu kabla ya mvua za Machi, mwenye MS (multiple sclerosis, ugonjwa ambao kinga ya mwili hula utando wa neva) huamka shuka limelowa na miguu mizito kama magunia. Jaza maji chupa ya soda ya nusu lita, acha nafasi juu isipasuke, igandishe mchana kutwa. Ukienda kulala ifunge kwa leso mikunjo miwili, iweke kwapani dakika 15, kisha ilaze kando ya mapaja. Mwili ukipanda joto hata nusu digrii, neva ambazo utando wake umeliwa hupitisha ujumbe kwa shida. Ukipoa, nguvu hurudi. Taulo mbichi haikunisaidia: hewa ya ziwani ina unyevu mwingi, maji hayakauki, labda uwashe feni (na stima ikipotea, feni nayo kwisha). Penye ganzi usiiweke kabisa, barafu itakuunguza na hutasikia. Jasho likija na homa au kutetemeka, chupa haitafaa kitu. Kapime malaria mapema, maana homa yenyewe huamsha dalili za MS.