Kukokotoa presha ya bomba la topesumu kwa kuanzia na ndoo na kipande cha PVC

Topesumu (tope la mabaki ya mgodini) yenye yabisi, yaani chembe ngumu, asilimia 50 kwa uzito huondoka na tani nzima ya maji kwa kila tani ya mabaki. Ikifika 60, maji hushuka hadi kilo 667 hivi. Lakini tope zito halisogei mpaka lisukumwe kupita mkazo fulani, na hapo hesabu za maji ya kawaida hukataa. Modeli ya Bingham, inayolichukulia tope kama kitu kisichotiririka mpaka mkazo huo (τy) upitwe, inatosha kuanzia.

Sampuli iliyosafiri kwenye ndoo kutoka Kanda ya Ziwa hadi Dar huwa imetuama. Ikoroge mpaka chini kusibaki bonge. Ukihitaji kuilegeza, tumia maji ya mgodini, si ya bomba ya DAWASA (mamlaka ya maji ya Dar): chumvi zikibadilika, chembe hushikana kwa namna nyingine na kipimo kinakudanganya.

Tafuta Kariakoo kipande cha PVC cha inchi 4, ukikate urefu (H) ulingane na kipenyo cha ndani, si cha nje. Lowesha ndani, simamisha juu ya kioo, jaza, sawazisha kwa rula, kisha inua wima taratibu. Pima tope limeshuka kiasi gani (s).

τy = ρgH × (0.5 − 0.5√(s/H)), ambapo ρ ni densiti ya tope na g ni mvutano wa dunia (9.81)

Kwa H milimita 100, s 81 na densiti kilo 1,607 kwa mita ya ujazo (yabisi asilimia 60, yenye densiti 2,700), τy ni paskali 79. Maji yakijitenga pembeni, tupa kipimo hicho. Rudia kwa asilimia 56, 58 na 62. Mkazo hupanda kwa kasi kuliko unavyodhani.

Mnato wa plastiki (μ), yaani ukinzani wa tope likishaanza kutiririka, hupimwa kwa viskomita. Tuseme ni 0.05 Pa·s, kipenyo cha bomba (D) milimita 200, kasi (V) mita 1 kwa sekunde. Fomula ya mkato, τw = 4τy/3 + 8Vμ/D, inatoa mkazo (τw) wa paskali 107 ukutani mwa bomba. Tope likiwa zito hivi fomula hiyo huzidisha, kwa hiyo tumia kamili:

8Vμ/D = τw(1 − 4φ/3 + φ⁴/3), ambapo φ = τy/τw

Badilisha τw kwenye Excel mpaka pande zilingane: ni 89. Kwa presha ΔP = 4Lτw/D, L ikiwa urefu wa bomba, kilomita moja inataka baa 18 hivi, wakati ile ya mkato ingekununulisha pampu ya baa 21.

Kati ya hizo 18, karibu 16 ni za kulifanya tope lianze tu kusogea. Kupunguza kasi hakuokoi kitu, ongeza kipenyo. Na kama kuna mchanga mkubwa, usiamini kwamba tope litaubeba: kwenye mkondo tulivu kama huu huzama polepole na kuziba bomba kuanzia chini, jambo ambalo modeli hii hailioni.