Kufunga redio koli kwenye mashua yako, hatua kwa hatua

Mvuvi anayetaka redio huniuliza kwanza, "Ina wati ngapi?" Nami humuuliza, "Antena utaiweka wapi?" Mwongozo huu wote umesimama juu ya swali hilo la pili. Nafunga redio za vyombo hapa Wete, nyingi kwenye mashua za mbao zenye mashine ya kupachika, chache kwenye boti za faiba. Ninayoyaandika yanamfaa mwenye chombo chake mwenyewe anayetaka kusikilizana na wenzake baharini na, likimfika la kumfika, asikike.

Simu ichukue, tena itie kwenye mfuko usioingia maji. Lakini simu humpata mtu mmoja, na mpaka uwe karibu na mnara. Ukiita kwa redio koli chaneli 16, kila chombo kilichofungua redio kinakusikia kwa pamoja: mashua za Fundo, boti ya abiria inayoingia Mkoani, meli ya mizigo inayopita Mkondo wa Pemba. Atakayekuokoa ni aliye karibu, na mara nyingi mtu huyo humjui hata jina.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya umbali kabla ya kununua

Mawimbi ya VHF, yaani masafa ya redio za vyombo, huenda kama jicho linavyoona. Hayajikunji kufuata mgongo wa bahari, na kilima huyazuia. Kwa hiyo umbali huamuliwa kwanza na kimo cha antena. Chukua kimo cha antena juu ya maji kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4. Hizo ni kilomita za upande wako. Fanya vivyo hivyo kwa upande wa mwenzako, kisha jumlisha.

Wavuvi wawili wamekaa kwenye ngalawa zao, kila mmoja ameshika redio ya mkononi, antena iko kama mita 1 juu ya maji. Kipeuo cha 1 ni 1, mara 4 ni 4. Wawili hao wana kilomita 8 baina yao. Sasa mashua mbili zenye antena ya mita 4: kila moja ina kilomita 8, jumla 16. Mashua hiyo hiyo ikizungumza na kituo cha nchi kavu chenye antena ya mita 25 juu ya maji, ni 8 na 20, yaani kilomita 28. Mkondo wa Pemba, kutoka kisiwani mpaka bara, una upana wa kama kilomita 50. Mwenye redio ya mkononi akiwa katikati, mwenzake aliyesimama ufukweni na redio kama yake hampati, awe Pemba au awe bara.

Wati zina kazi yake. Zinafanya sauti ifike safi ndani ya umbali huo, na zinafidia kinachopotea kwenye kebo. Ila hazikuongezei upeo wa macho. Na wakati wa kusi, mawimbi yakiwa makubwa, usiseme chombo kikiwa bondeni. Subiri chombo kipande juu ya wimbi, ndipo ubonyeze.

Hatua ya 2: Chagua redio, na uliza leseni kabla hujatoa pesa

Redio za walinzi wa mahoteli hazifai. Nyingi ziko kwenye UHF, masafa mengine ya juu zaidi, hazizungumzi kabisa na redio za vyombo. Kuna pia zile redio rahisi za mkononi zenye vitufe vya namba, ambazo mtu anaweza kuzitia masafa anayotaka. Ni kweli unaweza kuandika 156.800, ambayo ndiyo masafa ya chaneli 16, na ukasikia watu. Lakini nyingi hazikutengenezwa kustahimili maji ya bahari, na kidole kikikosea tarakimu moja unaingia kwenye masafa ya watu wengine kabisa. Nimeletewa nyingi zikiwa zimejaa chumvi ndani, na chumvi ikishakula bodi hakuna fundi wa kuirudisha.

Tafuta iliyoandikwa MARINE VHF. Ya mkononi iwe na wati 5 au zaidi, iwe na alama ya IPX7, maana yake inastahimili kuzama mita 1 kwa dakika 30, na iwe inaelea. Hilo la kuelea watu hulipuuza, kisha wanalikumbuka redio imeshakwenda chini. Icom IC-M25 ni mfano mzuri kwa wavuvi wetu: inaelea, ina wati 5, na inachajiwa kwa waya wa USB, kwa hiyo sola ndogo ya dagoni, kambini kwa wavuvi, inatosha. Kwa mwenye ngalawa au mtumbwi, redio ya namna hii yatosha, na hatua ya 3 mpaka ya 5 anaweza kuziruka.

Mwenye mashua inayolala nje achukue redio ya kufunga, wati 25, inayoshuka mpaka wati 1 kwa mazungumzo ya karibu. Kama mfuko unaruhusu, chukua yenye DSC, yaani wito wa dhiki wa kidijitali, na GPS ndani yake. Ina kitufe chekundu chini ya kifuniko. Ukikishikilia sekunde chache, redio yenyewe inarusha kwenye chaneli 70 utambulisho wa chombo chako na mahali ulipo. Ili kifanye kazi inabidi utie MMSI, namba ya kutambulisha chombo kwenye redio, yenye tarakimu 9. Za Tanzania huanza na 674 au 677. Itie kwa uangalifu, kwa sababu redio nyingi hazikubali kubadilishwa namba hiyo nyumbani ukishakosea.

Mawasiliano ni jambo la Muungano, kwa hiyo leseni ya redio, hata ukiwa Micheweni, hutolewa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, nao ndio wanaohusika na hiyo MMSI. Nenda kwao na karatasi za usajili wa chombo, waulize kama redio unayoitaka imeidhinishwa, kisha ndipo ununue. Redio ya VHF ya baharini usiifunge nyumbani kwa mkeo kama vile ni simu. Kituo cha nchi kavu kina leseni yake mbali.

Hatua ya 3: Antena

Hapa ndipo pesa yako ifanye kazi. Antena za VHF ziko za robo wimbi, kama sentimita 48, na za nusu wimbi, kama sentimita 95. Ya robo inahitaji bati au chuma chini yake ili ifanye kazi vizuri, na mashua ya mbao haina. Kwa chombo cha mbao au faiba nunua ya nusu wimbi.

Ipandishe juu kadiri chombo kinavyobeba. Kwenye mashua ya mashine nafunga bomba la aluminiamu tezini, mita 3 au 4, kwa vikuku viwili vya chuma kisichoshika kutu, kimoja chini na kimoja usawa wa ukingo. Kwenye chombo cha tanga kichwa cha mlingoti ndipo pazuri, ila tazama kwanza foromali, ule mti unaobeba tanga, inavyozungushwa. Muombe nahodha aigeuze mbele yako, nawe simama chini utazame ncha yake inapita wapi. Mara mbili nimelazimika kuhamisha antena kwa sababu niliifunga tanga likiwa limekunjwa. Tangu hapo sifungi mpaka nione foromali ikipita.

Hatua ya 4: Kebo na plagi

Nahodha mmoja wa Kojani, mtu mzima, alinijia analalamika. Nikampa shikamoo, akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, nawasikia wote, lakini mimi hanisikii hata mmoja."

Nikamuuliza, "Ami, kebo hii umeipata wapi?"

"Ilikuwa ya dishi. Nikaona ni ile ile."

Nikapachika mita ya SWR, inayoonyesha nguvu inayorudi badala ya kutoka kwenye antena, sindano ikapita 3. Nilipoikata kebo karibu na plagi, shaba ilikuwa imegeuka kijani, na ukijani ule ulikwenda ndani karibu kiasi cha mkono mzima. Kupokea hakuhitaji nguvu nyingi, ndiyo maana alisikia. Kurusha ndiko kulikoishia humo ndani.

Kebo ya dishi ni ya omu 75, ya redio ni omu 50. Nunua RG-58 kama ni fupi, chini ya mita 5 au 6. Ikizidi hapo chukua RG-213, ambayo ni nene zaidi. Mita 15 za RG-58 hula karibu nusu ya nguvu yako: wati 25 zinaondoka redioni, kama 12 au 13 ndizo zinazofika kwenye antena. Kebo ya ziada usiizungushe mafungu ukaificha, bali ikate.

Plagi inaitwa PL-259. Kwa RG-213, ingiza kola ya plagi kwenye kebo kwanza, kabla ya kitu chochote, na uiangalie inatazama upande wake. Vua ganda la nje milimita 28. Waya wa kati uache wazi milimita 16. Wavu wa shaba uliobaki upake lehemu nyembamba, usije ukaacha unywele mmoja ukagusa waya wa kati. Sukuma plagi ukiizungusha mpaka uone wavu kwenye vitundu vya ubavuni, lehemu humo, kisha lehemu ncha. Chuma cha kulehemu kiwe na joto la kutosha, wati 60 au zaidi. Chuma dhaifu hukaa muda mrefu mpaka kiyeyushe plastiki ya ndani, na kazi yote imeharibika bila kuonekana kwa nje.

Kabla ya kuunga antena, weka mita ya kawaida ya umeme, ikiwa kwenye mlio, kati ya ncha na mwili wa plagi. Isilie. Ikilia kuna unywele umegusana, rudia kazi. Ukimaliza, kiungo cha nje kizungushie utepe wa mpira unaojishika wenyewe, ukiuvuta, kuanzia chini kwenda juu ili maji yatiririke. Juu yake utepe wa kawaida wa kukinga jua. Kebo inapoingia ndani, iteremke kidogo kisha ipande, matone yadondokee pale chini.

Hatua ya 5: Umeme

Redio ya wati 25 hutumia karibu ampea 5 ikirusha, na chini ya nusu ampea ikisikiliza. Ukisikiliza saa 12 na kusema jumla ya dakika 10, umetumia kama ampea-saa 6. Betri ya pikipiki itakuangusha usiku. Weka ya volti 12, ampea-saa 20 au zaidi, iliyofungwa isimwagike, na sola ya wati 20 irudishe mchana.

Waya uwe wa milimita za mraba 2.5, wa shaba iliyopakwa bati ukiupata. Waya mwembamba wa spika hupoteza kama volti nzima kwenye mita 3 ukibonyeza, na redio inazima palepale unapoihitaji. Fyuzi ya ampea 10 iwe karibu na betri. Redio iwe mbali na dira, angalau mita 1, kwa kuwa sumaku ya spika huivuta sindano. Betri isikae kwenye ngama, chini yanakokusanyika maji.

Hatua ya 6: Mipangilio

Usibonyeze kitufe cha kusemea kabla antena haijaungwa, unaweza kuua redio. Washa, tafuta mpangilio wa chaneli, weka INT. Redio nyingi zilizoagizwa nje huja zimewekwa USA, na baadhi ya chaneli hazitaoana na za wenzako. Kisha zungusha skwelchi, kirungu cha kukata mvumo, mpaka usikie mvumo, irudishe taratibu hadi mvumo ukatike, acha hapo. Ukipitiliza, unajiziba masikio.

Tazama SWR kwenye wati 1 kwanza. Chini ya 1.5 ni nzuri, mpaka 2 nenda kazini, ikipita 3 acha kurusha, rudi hatua ya 4. Jaribu sauti na mwenzako kwenye chaneli 72, yeye akiwa diko jingine, yaani mahali pengine pa kuegesha mashua, wala msizungumze hadithi kwenye 16.

Hatua ya 7: Maneno ya dhiki, na ahadi ya kusikiliza

Tangu usiku wa Septemba 10, 2011, MV Spice Islander I ilipozama ikija huku kwetu Pemba, sikabidhi redio bila kumsimamisha mwenye chombo aseme maneno haya mbele yangu. Chaneli 16, wati 25. "Mayday, Mayday, Mayday. Hiki ni chombo" na jina mara tatu. Kisha Mayday na jina mara moja tena, mahali ulipo, kilichokupata, msaada unaoutaka, idadi ya watu. Achia kitufe, sikiliza. Mahali useme kwa tarakimu za GPS. Kama huna, sema kwa kitu kinachojulikana: "maili 4 magharibi ya Misali". Usiseme "hapa karibu na mwamba wetu". Mashine ikizima lakini maisha hayajawa hatarini, badala ya Mayday sema Pan-pan mara tatu. Yaandike kwenye karatasi, itie plastiki, ibandike kando ya redio, kwa kuwa siku hiyo huenda atakayesema ni kijana wa kuteka maji, nahodha hajiwezi.

Mashua za diko moja zipatane. Zote zibaki chaneli 16, na kila saa kamili usiku kila nahodha aruke 72, ataje chombo chake na alipo, arudi 16. Haichukui hata dakika moja. Asiyesikika mara mbili mfululizo, aliye karibu naye amfuate. Mkirudi asubuhi, redio ya mkononi ioshe kwa maji baridi ya kunywa, ikaushe kivulini, ndipo uichaji.