Soma herufi mbili za kwanza za ISIN kabla ya kununua mfuko

Kama unaishi ugenini, si raia wala mkazi wa Marekani, na unawekeza kwenye mifuko ya hisa za Marekani, tazama namba ya ISIN (namba ya kimataifa ya kutambulisha mfuko au hisa) kabla ya kubonyeza "nunua". Herufi mbili za mwanzo ni nchi mfuko uliposajiliwa. Chagua IE (Ayalandi) badala ya US, hata kama hisa zilizomo ni zilezile.

Sababu kubwa ni mirathi. Ukifariki ukiwa na mali ya Marekani inayozidi dola 60,000, ziada hutozwa kodi inayofika asilimia 40, na familia inaweza kukaa muda mrefu bila kuigusa akaunti. Mfuko wa IE hauhesabiwi humo. Gawio nalo hukatwa asilimia 15 ndani ya mfuko, wakati mfuko wa US hukukata 30 ikiwa nchi unayoishi haina mkataba wa kodi.

Fedha taslimu zilizolala kwa dalali wa Marekani bado zinahesabiwa, kwa hiyo usiziache zirundikane. Na kwa raia wa Marekani au mwenye kadi ya kijani, usifuate njia hii kabisa: kwao mifuko ya nje hutozwa kodi kali zaidi.