Unataka Kurudi Darasani? Leta Kwanza Hati Yako ya Mshahara

Mimi ndiye huandaa mishahara katika kampuni moja ya Eneo la Viwanda, Nairobi. Kijana akija mezani pangu kuomba hati zake tatu za mwisho za mshahara, najua anaenda kukopa sacco, na mara nyingi mkopo wenyewe ni wa karo. Humuuliza: unaenda kusomea nini, na ni nani anayekitaka hicho cheti? Wengi huwa na jibu la swali la kwanza tu.

Basi anza na la pili. Fikiria kazi unayotaka kuwa nayo miaka mitano ijayo, kisha kusanya matangazo yake kama ishirini hivi. MyGov, gazeti la matangazo ya serikali, hutoka kila Jumanne, na nafasi za serikali zimo humo. Pigia mstari kila cheti kinachotajwa, na utenganishe kile ambacho ni lazima na kile kinachosemekana kitakuwa faida ya ziada. Usilipe laki kwa ajili ya faida ya ziada. Kwenye uhasibu utaona cheti cha CPA na uanachama wa ICPAK, taasisi ya wahasibu, vikijirudia hadi uchoke. Fundi wa umeme atafungua milango zaidi kwa leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, kuliko kwa digrii ya usimamizi wa biashara. Uzamili utaukuta kwenye vyeo vya juu serikalini, na anayetaka kufundisha chuo kikuu hana njia ya mkato, maana bila uzamili huo hafiki kwenye uzamifu.

Sasa pesa, na hapa ndipo watu hujidanganya. Tuseme unalipwa shilingi 60,000 kwa mwezi kabla ya makato. Kwa viwango vya 2025, NSSF ya pensheni inachukua 3,600, SHIF ya bima ya afya 1,650, ushuru wa nyumba 900, na kodi ya mapato kama 8,540. Unabaki na takriban 45,300. Ukipata cheti na bosi akuongeze 10,000, zinazoingia mfukoni ni kama 6,280. Ndiyo, nimepiga hesabu mara mbili. Ikiwa masomo yamekugharimu 300,000, itakuchukua karibu miaka minne ya nyongeza hiyo kuzirudisha, bila kuhesabu riba ya sacco, wala nauli ya kutoka mjini saa tatu usiku mvua ikinyesha, ambayo makanga huipandisha anavyotaka.

Sacco nyingi zitakukopesha hadi mara tatu ya akiba yako ukipata wadhamini, lakini Sheria ya Ajira hairuhusu makato yote yapite theluthi mbili ya mshahara. Kwa huyu wa 60,000, lazima abaki na 20,000. Sheria imemlinda, sawa, lakini nani analipa nyumba, chakula na karo ya mtoto kwa elfu ishirini Nairobi hii? Kama bado unakatwa HELB, yaani mkopo wa serikali wa masomo ya juu, hesabu hiyo nayo. Na kama hukatwi na deni lipo, malizana nao kwanza, kwa sababu faini ya kutolipa ni 5,000 kila mwezi.

Swali langu la tatu ndilo ninalolipenda zaidi: ukilazimika kusimama katikati, utabaki na nini mkononi? Mzazi anaugua, kampuni inapunguza watu, mimba inaingia. Masomo ya jioni hukatika. Mitihani ya CPA ya KASNEB, bodi inayoitahini, hufanyika Aprili, Agosti na Desemba, na somo ulilofaulu ni lako. Unaweza kufanya masomo mawili muhula huu, ukapumzika muhula ujao, mradi usisahau kulipia usajili wako kila mwaka. Mwenye digrii ya biashara husamehewa baadhi ya masomo, kwa ada. Uzamili si hivyo. Unamaliza madarasa yote, unafika kwenye tasnifu, msimamizi hajibu barua pepe, kazini wamekupa zamu mpya, na mwaka unapita. Cheti cha "nilimaliza madarasa" hakuna anayekitoa. Kwa hiyo kabla ya kujisajili, tafuta kijitabu cha mahafali cha chuo hicho, uhesabu majina ya waliohitimu katika kozi unayoitaka, kisha uulize idara wanasajili wangapi kwa mwaka. Tofauti ikiwa kubwa mno, umeelewa.

Kuhakikisha kozi imeidhinishwa ni kazi ya dakika chache: vyuo vikuu uliza tume yao, CUE, na vyuo vya kiufundi mamlaka yao, TVETA.

Halafu kuna mlango ambao karibu hakuna anayeubisha. Mwajiri hulipa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na akigharamia mafunzo yaliyoidhinishwa anaweza kudai arudishiwe sehemu ya gharama. Kampuni nyingi hulipa ada hiyo mwaka hadi mwaka bila kudai chochote. Kabla hujakopa, mwandikie meneja wako barua fupi: jina la kozi, ada, tarehe, na kazi gani ya ofisi utaifanya vizuri zaidi ukimaliza. Mwombe rasilimali watu waulize NITA kabla mafunzo hayajaanza, si baada. Wakikubali kulipa, soma kipengele cha muda utakaofungwa kubaki kazini. Miaka miwili nakubali. Mitano, mimi nisingetia sahihi.