Jinsi ya kuendesha upatu unaowajengea Walatino wa Marekani historia ya mikopo

Upatu tunaoucheza sisi, Walatino (watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini) nao wanaucheza: Wameksiko huuita tanda au cundina, Waguatemala cuchubal, Wadominika san. Pesa inazunguka vizuri tu, ila benki haioni chochote. Mtu aliyetoa mchango miaka kumi bila kukosa, siku akiomba mkopo wa gari anaambiwa hana historia, na akipewa anatozwa riba kubwa.

Asasi ya Mission Asset Fund (MAF) ya San Francisco, iliyoanzishwa mwaka 2007 kwa fedha za Levi Strauss na kuongozwa na José Quiñonez, ilitafuta dawa ya tatizo hilo. Kila mwanachama anasaini hati ya ahadi ya kulipa, na kila mchango unaripotiwa kama rejesho la mkopo usio na riba kwa Equifax, Experian na TransUnion, kampuni tatu zinazotunza taarifa za mikopo ya watu. Asasi inayotaka kufanya hivyo ifuate utaratibu huu.

Mfadhili asiweke pesa yake kwenye chungu, yaani michango inayozunguka kwenye upatu. Pesa ya chungu ni ya wanachama wenyewe, na ndiyo maana wanailinda. Fedha za msaada zilipie mhudumu anayezungumza Kihispania, kazi ya kuripoti, na akiba ya kufidia anayeshindwa. Kiasi cha akiba hiyo kinapigiwa hesabu. Wanachama 10 wakitoa dola 100 kwa mwezi, anayepokea mwezi wa kwanza dola 1,000 kisha akaacha kulipa anabaki na deni la dola 900. Hilo ndilo pengo kubwa kabisa ambalo mtu mmoja anaweza kuacha, basi akiba ya kila kikundi isipungue hapo.

Kabla ya kukopesha, angalia sheria ya jimbo. California ilipitisha sheria SB 896 mwaka 2014 inayoruhusu asasi zisizo za faida kutoa mikopo isiyo na riba ya dola 250 hadi 2,500 bila leseni ya kawaida ya mkopeshaji, mradi zitimize masharti yake. Kwingine mambo ni tofauti. Asasi ndogo isijaribu kuripoti yenyewe, kwani kampuni za taarifa za mikopo hutaka data katika mfumo maalumu kila mwezi bila kukatika. Ni afadhali kuingia ubia na asasi kama MAF: ninyi mnakusanya na kufundisha watu, wao wanashughulikia mikopo na ripoti.

Sasa makaratasi, na hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Asiyekuwa na namba ya hifadhi ya jamii anaweza kutumia ITIN, namba ya mlipakodi yenye tarakimu tisa inayoanzia na 9, inayoombwa kwa fomu W-7. Hakikisha haijaisha muda: isipotumika kwenye ritani ya kodi kwa miaka mitatu mfululizo, inakufa. Kisha kagua jina herufi kwa herufi. Walatino wengi wana majina mawili ya ukoo. Mtu anayeitwa García López anaweza kuwa López benki, Garcia-Lopez kwenye ritani ya kodi, na Garcia kwenye mkataba wa nyumba. Ukiyaacha hivyo, malipo yake yanaweza kugawanyika kwenye mafaili mawili, na mwaka mzima wa nidhamu usionekane popote. Chagueni namna moja ya kuandika na muifuate kila mahali, pamoja na anwani.

Kupanga kikundi hakuna siri kubwa: watu 6 hadi 12, kiwango ambacho mwenye kipato cha chini kabisa anakimudu, na mpangilio wa zamu unaokubaliwa na wote kabla ya kusaini. Uliza kila mmoja kinachobaki baada ya kodi ya nyumba na pesa anayotuma nyumbani. Wengi husahau kuitaja hiyo ya pili. Kwa wafanyakazi wa mashamba, mzunguko uishe kabla ya msimu wa kazi kukatika. Tarehe ya mchango kukatwa kwenye akaunti iwe siku mbili tatu baada ya mshahara. Ikitangulia mshahara, benki hurudisha malipo na kutoza faini, na mtu mwaminifu anaonekana mdaiwa.

Malipo yakichelewa, mpigie simu siku hiyohiyo. Ucheleweshaji huripotiwa ukifika siku 30, hivyo kuna muda wa kuokoa jambo. Katika alama za FICO, ambazo wakopeshaji hutumia kupima uaminifu wa mkopaji, historia ya malipo peke yake hubeba takriban asilimia 35, na doa moja hukaa kwenye faili hadi miaka saba. Waelezwe hili kwa Kihispania kabla ya kusaini, si baadaye.

Alama ya FICO huhitaji akaunti yenye angalau miezi sita. Mwezi wa saba, kaa na mwanachama mvute ripoti zake tatu za bure kwenye annualcreditreport.com. Malipo yasipoonekana, andikeni pingamizi mara moja mkiambatisha taarifa ya benki. Yakionekana, anaweza kuomba kadi ya mkopo yenye dhamana. Akiweka dhamana ya dola 200, deni linaloonekana kwenye taarifa ya mwezi lisizidi dola 60, na alilipe lote kila mwezi.