Filamu fupi ya kwanza kwa hela yako mwenyewe: kamera, sauti, na ile mistari inayotembea ukutani

Kuna binti wa Temeke tumekuwa naye kwenye filamu yake fupi ya kwanza, dakika saba, waigizaji wawili. Alianza na swali la wote, "kaka, ninunue kamera gani?", halafu akanionyesha majaribio aliyopiga sebuleni kwa shangazi yake, na ukutani kuna mistari ya giza inapanda taratibu kutoka chini kwenda juu kama inatambaa. Kamera haikuwa na ubovu wowote. Nimeona niandike hatua zote tulizopita, maana maswali haya nayapata kila mara na mengi majibu yake hayapo dukani.

Hatua ya 1: Andika kitu unachoweza kupiga

Kurasa tano mpaka nane, watu wawili, chumba kimoja na sehemu moja ya nje. Ukurasa mmoja wa skripti huwa unakaribia dakika moja kwenye skrini. Basi, tuendelee.

Hatua ya 2: Gawa hela kabla hujaingia dukani

Msimamo wangu haubadiliki hapa: kamera na lenzi visile zaidi ya nusu ya bajeti. Nusu nyingine ni maiki, taa, kadi, betri ya pili, nauli na chakula cha waigizaji, na chakula usikidharau, mtu aliyeshinda njaa tangu asubuhi hawezi kukupa machozi saa kumi jioni. Kama ukigawa hivyo nusu ya kwanza haifiki kamera ya maana, tumia simu yako, na ile hela yote iende kwenye sauti na taa. Nasema hivi kwa moyo kabisa. Mtazamaji atavumilia picha yenye chengachenga, ila akishindwa kusikia mama anamwambia nini mwanae, anafunga.

Hatua ya 3: Kununua kamera iliyotumika

Mimi kwa anayeanza nashauri Canon 80D. Ni ya mwaka 2016, inapiga Full HD tu, haina 4K, na bado ndo ningeichukua, kwa sababu ina tundu la maiki na tundu la hedifoni, skrini inageuka, na fokasi yake ya kugusa kwenye video inamfuata mtu vizuri. 700D ni ya bei ndogo zaidi lakini haina tundu la hedifoni na fokasi yake kwenye video inatafutatafuta, hivo utazungusha lenzi kwa mkono. M50 ni nyepesi na ina 4K, ila 4K yake inakata picha pembeni na ile fokasi nzuri inapotea, kwa hiyo utaishia kupiga Full HD tu. Blackmagic Pocket 4K picha yake ni tamu sana, sikatai, lakini betri moja ya LP-E6 haimalizi saa nzima na mafaili ni makubwa mno, sio kamera ya mtu anayepanda daladala na begi moja.

Lenzi: kila mtu atakwambia 50mm f/1.8 (namba ya mm ikiwa kubwa lenzi inavuta karibu, namba ya f ikiwa ndogo tundu la lenzi ni kubwa na mwanga unaingia mwingi). Nyumba zetu hizi, chumba cha uswahilini mita tatu kwa tatu na kitanda humo humo, 50mm kwenye kamera ya sensa ndogo (sensa ni kile kipande ndani ya kamera kinachopokea picha) utajibana ukutani na bado unapata uso mtupu bila chumba. Chukua Canon 24mm f/2.8 ile nyembamba kama kitumbua. Inaona takriban kama jicho linavyoona chumba, na taa ya kawaida inaitosha.

Ukiwa dukani Kariakoo au ukikutana na muuzaji binafsi, usiondoke bila kufanya haya. Funga lenzi na kifuniko chake, rekodi dakika moja, angalia kama kuna nukta nyeupe au nyekundu zinazokaa sehemu moja. Piga picha ukuta mweupe kwenye f/22, madoa yote ya vumbi kwenye sensa yatajitokeza. Chomeka maiki, ichezeshe kidogo, ikikwaruza tundu limelegea. Acha kamera irekodi muda mrefu huku mnapiga stori, uone kama inajizima kwa joto. Na kama ni Sony iliyotoka Japani washa kwanza uone menyu, nyingi za soko la kule zina Kijapani tu na huwezi kubadilisha.

Hatua ya 4: Shata, fremu na umeme wetu (soma yote tafadhali)

Hapa ndo pale kwenye mistari, na hapa ndo watu wengi wanapoteza siku nzima za kazi halafu wanalaumu kamera.

Umeme wa Tanzania, Kenya, Uganda, ukanda wetu wote, ni wa 50Hz. Maana yake taa inayotumia umeme huo moja kwa moja inang'aa na kufifia mara 100 kila sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Shata, yaani muda ambao kamera inaruhusu mwanga kuingia, ikifunguka kwa 1/50 ya sekunde kila fremu (picha moja moja inayounda video) inapokea midundo miwili kamili ya mwanga, ikifunguka kwa 1/100 inapokea mmoja kamili, kila fremu inakuwa sawa na mwenzake na picha inatulia. Sasa kamera iliyotengenezwa kwa soko la Marekani imeshawekwa fremu 30 kwa sekunde na shata 1/60, kwa sababu umeme wao ni 60Hz. Kwetu 1/60 inachukua mdundo mmoja na sehemu ya wa pili, fremu hii inapata mwanga mwingi ile inapata kidogo, na kwa kuwa sensa inasoma picha mstari kwa mstari, tofauti hiyo unaiona kama mistari inayotembea. Ndo ile ya kwa shangazi.

Kwa hiyo: ingia menyu ya kamera tafuta mahali pa kuchagua NTSC (mfumo wa video wa Marekani) au PAL (wa nchi za 50Hz kama kwetu), weka PAL. Chagua fremu 25. Weka kamera kwenye M (unachagua kila kitu mwenyewe), shata 1/50, iache hapo. Kwenye Sony ukibadilisha hiyo kamera inaweza kukuomba uformati kadi, hivo toa vitu vyako kwanza. Baadhi ya Sony za zamani za Marekani na Japani hazina kabisa hilo chaguo, usikate tamaa, piga fremu 24 ila shata weka 1/50, mistari itaondoka vile vile, maana kinachoamua zaidi ni shata kuliko idadi ya fremu.

Kwenye iPhone nenda Settings, Camera, Record Video, washa Show PAL Formats, fremu 25 itatokea. Lakini programu ya kawaida ya simu itaendelea kujichagulia shata yenyewe, kwa hiyo pakua Blackmagic Camera, ni ya bure, ufunge shata mwenyewe. Kwenye Android nayo ipo ila haikubali kila simu, isipokubali jaribu Open Camera. Simu nyingi za bei ya chini hazitakuruhusu kufunga shata ya video hata ufanyeje, na kama yako ndo hiyo basi panga filamu yako kwa mwanga wa dirisha na wa nje, jua halina Hz.

Sasa mambo ambayo hata ukiweka 1/50 bado yatakusumbua:

Taa za LED za bei rahisi, hasa zile za kupunguza mwanga kwa kuzungusha na zile za utepe wa rangi, zinawaka na kuzima kwa mdundo wake zenyewe ambao hauhusiani na umeme wa ukutani. Hizo hazina dawa, zima, weka nyingine. Jinsi ya kuijua: pandisha shata mpaka 1/1000, elekeza kamera kwenye ukuta unaomulikwa na hiyo taa. Taa nzuri haitaonyesha kitu. Taa inayodunda itaonyesha mistari wazi kabisa, ndo urudi 1/50 uone kama inapotea. Ikipotea tumia, isipopotea achana nayo. Nenda na kamera yako dukani ukajaribu balbu kabla hujalipa, muuzaji atakushangaa lakini atakuachia.

Jenereta dogo. Umeme ukikatika mkawasha jenereta, ile 50Hz haikai sawa, friji ikijiwasha jenereta linalemewa kidogo na mdundo unashuka, mistari inarudi katikati ya teki (mara moja ya kupiga onyesho) nzuri kuliko zote. Zima friji na pasi, au piga kwa taa za betri. Balbu za sola zinazokwenda moja kwa moja kwenye betri bila inverta ni rafiki yako mkubwa, mara nyingi hazidundi kabisa.

Slo mosheni ndani ya nyumba: fremu 50 na shata 1/100 ni salama. Fremu 100 na shata 1/100 ni salama kama mwanga unatosha. Ukipandisha 1/200 chini ya tyubu za zamani umeharibu. Kapige slo nje.

Na la mwisho kwenye hili, usiamini skrini ya kamera. Ni ndogo, mistari myembamba huioni. Kabla waigizaji hawajafika, rekodi sekunde kumi za kila ukuta utakaotumia, ingiza kwenye laptopu, angalia skrini nzima. Fanya hivyo kila mkihamia chumba kingine, hata kama ni nyumba ile ile, maana sebuleni wana balbu hii na chumbani wana nyingine.

Hatua ya 5: Nje

Umefunga shata 1/50, unatoka nje saa nne, picha nyeupe tupu. Kwa jua kali na ISO (usikivu wa sensa kwa mwanga) ya 100 utalazimika kufunga lenzi mpaka f/22. Ukitaka kurudi f/2.8 unahitaji kupunguza hatua sita za mwanga, yaani filta ya ND64, kioo cheusi cha mbele ya lenzi kinachopunguza mwanga. Filta za kuzungusha ni rahisi kutumia, ila za bei ndogo ukizizungusha mpaka mwisho zinaweka msalaba mweusi katikati ya picha, hasa kwenye lenzi pana. Nunua yenye kipenyo kikubwa na ringi za kuunganisha, utaitumia kwenye lenzi zako zote.

Saa tano mpaka saa tisa jua liko utosini na macho ya mtu yanageuka mashimo. Muda huo pigeni ndani au pumzikeni mpate chakula. Kipande cha boksi jeupe la foam linalohifadhia samaki, kilichooshwa vizuri, kinarudisha mwanga usoni kuliko vitu vingi vya kununua. Na mtu mweusi tii usimweke mbele ya ukuta mweupe huku kamera iko oto, itapima ukuta na uso utazama. Pima uso, ukuta ujijue.

Hatua ya 6: Sauti

Boya BY-M1 ya waya ndo pa kuanzia, waya wake mita 6. Ina swichi ya simu na kamera, ikikaa upande usio wake utapata sauti hafifu au hakuna kabisa. Ninavyopenda mimi ni hivi: chomeka hiyo maiki kwenye simu ya pili, iweke mfukoni mwa muigizaji ikiwa kwenye hali ya ndege, rekodi WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya 48kHz, halafu kila teki piga makofi mara moja mbele ya kamera ili uje uunganishe. Kilele cha sauti kicheze karibu na -12 dB kwenye mita ya sauti.

Zima feni. Zima friji, na ufunguo wa mlango uuweke ndani ya friji, hutaondoka bila kukumbuka kuliwasha. Blanketi ukutani nyuma ya kamera linapunguza mwangwi. Jirani mwenye redio kamuone asubuhi, kwa heshima, kabla hujaanza, sio katikati ya kazi ukiwa umenuna. Mkimaliza kila chumba kaeni kimya mrekodi nusu dakika ya chumba kitupu, utaihitaji kuziba mapengo.

Hatua ya 7: Kadi na kibali

Kadi bandia ni nyingi, imeandikwa GB 128 ndani ni GB 16. Ijaze yote kwa H2testw, programu ya kompyuta ya kupima kadi, kabla ya siku ya kazi. Tafuta alama ya V30, inayoonyesha kadi ina kasi ya kutosha kuandika video. Video ya megabiti 100 kwa sekunde inakula kama GB 45 kwa saa. Nakili sehemu mbili kabla hujaformati. Vibali kwa Tanzania ni Bodi ya Filamu, anza mapema.

Hatua ya 8: Kuediti

Kama ulipiga kwa simu, fremu zake huwa hazilingani, mwanga ukipungua simu inapunguza fremu kimya kimya, na sauti uliyounganisha vizuri mwanzoni inaachana na midomo kadiri teki inavyoendelea. Kabla hujaingiza chochote pitisha kila klipu kwenye HandBrake, programu ya kubadili mafaili ya video, chagua Constant Framerate, 25 kama ulipiga 25, na kama ulipiga 30 iache 30, ukilazimisha 25 mwendo utakatakata.

Kwa kuediti, programu ya DaVinci Resolve ya bure inatosha kabisa, ila inataka mashine yenye nguvu. Laptopu dhaifu, tumia Shotcut. Kwenye Resolve weka fremu za projekti kabla ya klipu ya kwanza, ukishaanza hazibadiliki. Kata filamu yote kwa mazungumzo kwanza, muziki na rangi baadaye. Ukishatoa faili la H.264 (aina ya video inayochezeka karibu kila simu) lipeleke kwenye simu ya bei ndogo, spika yake yenyewe bila hedifoni, toka nalo barazani usikilize kuna bodaboda zinapita. Sentensi yoyote usiyoisikia hapo, rudi ukaipandishe.