Riwaya ya kwanza kwa mwalimu wa sekondari: hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni kwa mwalimu mwenye vipindi, zamu na mafungu ya daftari mezani, lakini ana hadithi isiyomtoka kichwani. Nafundisha Kiswahili sekondari na naandika riwaya. Nitaeleza namna kazi hizi mbili zinavyoweza kukaa ndani ya kalenda ya shule za Tanzania. Walio kwingine wabadilishe miezi tu.

Hatua ya 1: Anza na kalenda

Kabla ya kuandika sentensi yoyote, chukua kalenda ya mihula na ukate wiki za mitihani ya shule, wiki zako za zamu, na Novemba yote ikiwa una Kidato cha Pili au cha Nne. Kama huwa unaitwa kusimamia au kusahihisha mitihani ya taifa, kata na hizo. Zitabaki kama wiki 25. Ukiandika maneno 300 kwa kikao, vikao vinne kwa wiki, utapata maneno 30,000 kwa mwaka. Hiyo ni riwaya fupi, au sehemu kubwa ya riwaya ya kawaida.

Wengi husubiri likizo ya Juni na ya Desemba ndipo waandike. Mimi nashauri kinyume: andika katikati ya muhula, likizo iwe ya kuhariri. Maneno 300 yanaingia ndani ya kipindi kimoja cha dakika 40. Kusoma sura kumi mfululizo na kugundua kwamba shangazi aliyezikwa sura ya tatu anapika pilau sura ya nane kunataka siku nzima zisizo na kengele.

Hatua ya 2: Andaa azimio la kazi la riwaya

Hapa mwalimu ana faida ambayo waandishi wengi hawana: amezoea kupanga kazi ya mwaka mzima kwenye azimio la kazi. Fungua kaunta buku, chora safu: sura, mahali, nani anataka nini, nani anamzuia, nini kimebadilika mwishoni. Sura ambayo safu ya mwisho iko tupu haina kazi. Ifute au iunganishe na nyingine. Usijaze azimio lote. Robo ya kwanza na mwisho unaoukisia vinatosha kuanzia.

Hatua ya 3: Tafuta kiti

Ofisi ya walimu haifai, utaulizwa chaki kila dakika. Darasa tupu kabla ya paredi ya asubuhi au meza ya nyuma maktaba ni bora. Ukiandikia simu, weka kibodi ya Kiswahili, la sivyo simu itageuza maneno yako kuwa Kiingereza huku ukiangalia. Kibodi ya Google hupokea Kiswahili kwa sauti pia. Inasaidia ukiwa unatembea kurudi nyumbani, ingawa nukta na majina utayarekebisha mwenyewe. Kabla ya kufunga, andika mstari mmoja wa kitakachofuata, maana ukirudi baada ya wiki ya zamu utakuwa umesahau.

Hatua ya 4: Acha kufundisha

Hii ndiyo ngumu kuliko zote. Tumezoea kueleza, kufafanua, kisha kuuliza kama darasa limeelewa. Riwaya ikiandikwa hivyo huwa insha ndefu. Tazama:

"Halima alikuwa binti mwema, lakini hakusikiliza ushauri wa mama yake, na ndiyo maana alijikuta katika matatizo makubwa."

Sasa jaribu hivi:

"Mama alimaliza kusema. Halima aliendelea kuchambua mchicha, na majani mabovu akayatia bakulini. 'Umenisikia?' 'Nimekusikia, mama.' Simu ilitetemeka chini ya kanga. Hakuitazama. Aliihesabu tu: mara moja, mara mbili."

Katika kipande cha pili hakuna aliyehukumiwa, ila msomaji ameshaona majani mabovu na anataka kujua nani anapiga. Pita katika rasimu na kalamu yako nyekundu, upigie mstari kila sentensi inayojibu swali "tunajifunza nini?" Nyingi zitakuwa mwisho wa sura, tena zimebeba methali. Kata.

Angalia na mazungumzo. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu anayesema "La hasha, mwenzangu" ameandikwa na mwalimu wake. Yule unayemsikia dirishani anasema, "We acha, ticha kashaniona." Ngeli ziache kwa msimulizi.

Hatua ya 5: Linda siri za watu

Wanafunzi hutuambia mambo mazito. Usichukue kisa cha mtoto ukabadilisha jina tu. Kijiji kizima kitamjua. Changanya watu, hamisha mahali na miaka. Sentensi za insha zao ni mali yao, hata kama ni tamu.

Lakini usikwepe jambo chungu kwa kuogopa maneno ya ofisini. Euphrase Kezilahabi, ambaye naye alifundisha sekondari, alitoa riwaya ya *Rosa Mistika* mwaka 1971. Ilipigwa marufuku shuleni, kisha baadaye wanafunzi wakaisoma darasani.

Hatua ya 6: Tafuta msomaji asiye wa lugha

Mpe mwalimu wa Hisabati au Jiografia. Wa Kiswahili atasahihisha tahajia. Uliza swali moja tu: ulichoka ukurasa wa ngapi?

Hatua ya 7: Peleka

Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ina kundi la riwaya. Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, hupokea miswada ya Kiswahili ambayo haijachapishwa. Soma masharti ya mwaka husika kabla ya kutuma. Kwa mchapishaji, uliza asilimia ya mrabaha (fungu lako katika mauzo ya kitabu), mkataba ni wa miaka mingapi, na nani anabaki na haki za filamu na za kidijitali. Ukichapa mwenyewe, namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na kazi yako unaweza kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Chapa nakala chache kwanza.

Na usiwauzie wanafunzi unaowasahihishia mitihani. Mtoto hawezi kukukatalia, na mzazi wake atadhani maksi zina bei. Weka nakala mbili maktaba ya shule, nyingine peleka dukani.